Dawa Zenye Uraibu na Kompyuta ya Mfamasia: Majibu kwa Wasomaji

Tangu safu hii ilipozungumzia dawa za maumivu na uraibu wake, barua nyingi zimetufikia kuhusu jambo moja: mifumo ya kompyuta inayomwonyesha daktari au mfamasia, papo kwa papo, dawa zenye uraibu ambazo mgonjwa amekwisha kupewa kwingine. Tumechagua barua chache zinazobeba maswali ya wengi, tukazifupisha na kuondoa majina ya waandishi. Anayejibu ni mfamasia wa safu hii.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba dawa kama mofini huandikwa katika daftari maalumu la dawa zinazodhibitiwa. Mfumo wa kompyuta unaongeza nini ambacho daftari halikuwa nacho? Au ni daftari lile lile limehamishiwa kwenye skrini?

Jibu: Daftari huonyesha kilichotoka katika duka moja tu. Mtu akichukua vidonge 30 vya oksikodoni, dawa kali ya maumivu, hapa asubuhi, na jioni akachukua vingine 30 katika duka jingine kwa cheti cha daktari mwingine, madaftari yote mawili yatakuwa sahihi. Idadi ya vidonge kabatini italingana na iliyoandikwa, mkaguzi ataweka saini yake, na bado mtu huyo atakuwa ameondoka na dawa inayotosha kumsimamisha pumzi. Si lazima awepo mzembe kati ya wafamasia hao wawili, kwa kuwa kila mmoja aliona nusu tu ya jambo.

Kasoro hiyo ilitambuliwa zamani. Jimbo la New York nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1972, liliagiza vyeti vya dawa kali zaidi viandikwe katika nakala tatu: moja ilibaki kwa daktari, ya pili kwa mfamasia, na ya tatu ilipelekwa idara ya afya ya jimbo, ambako taarifa zake ziliingizwa katika kanda za kompyuta. Karatasi husafiri polepole. Taarifa ilipofika kwenye kanda, dawa ilikuwa imekwisha kumezwa, na kwa hiyo utaratibu ule uliwafaa zaidi wapelelezi kuliko ulivyomfaa mgonjwa. Jimbo la Oklahoma, kwa sheria ya mwaka 1990, likawa la kwanza nchini humo kuagiza taarifa zitumwe kwa njia ya kompyuta, lakini kwa miaka mingi majimbo mengi yaliendelea kuzipokea kwa mafungu, mara moja kwa wiki au hata mara moja kwa mwezi. Ni Oklahoma hiyo hiyo iliyoagiza, kuanzia mwaka 2012, kwamba duka liripoti ndani ya dakika tano tangu dawa itolewe. Nchini Kanada, jimbo la British Columbia lilikwisha kuunganisha maduka yake ya dawa mapema zaidi, mwaka 1995, kwa mtandao uitwao PharmaNet, ambao huandika kila dawa inayotolewa kwa cheti, iwe na uraibu au isiwe nao, na bila kujali nani anailipia.

Kaunta kwenyewe, jambo hutokea hivi. Mfamasia anaingiza jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, dawa na kiasi chake. Kabla lebo haijatoka kwenye printa, programu inauliza kanzidata kuu, na jibu linarudi kwa sekunde chache. Katika jimbo la Victoria nchini Australia, ambako mfumo wa SafeScript ulianza mwaka 2018 na kuangalia kumbukumbu kukawa lazima kuanzia Aprili 2020, jibu hilo huja kwa rangi: kijani pasipo na la kutia shaka, kaharabu panapohitaji kutazamwa zaidi, na nyekundu kwa mambo mazito, kama vile vyeti kutoka kwa madaktari wengi ndani ya muda mfupi, kipimo kikubwa cha siku, au mchanganyiko wa hatari. Mchanganyiko unaoogopwa kuliko yote ni wa dawa za jamii ya afyuni, kama mofini, oksikodoni na kodeini, pamoja na dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya diazepamu, kwa sababu kila moja hupunguza kasi ya kupumua, na zikikutana usingizi unaweza kugeuka kifo bila mtu aliye karibu kutambua.

Jambo la kushika ni kwamba rangi nyekundu haizuii lebo kutoka. Uamuzi unabaki kwa mfamasia na daktari. Nakuomba ulikumbuke hilo utakapoanza kazi, kwa sababu wako watakaotamani mashine iwaamulie.

Swali: Mtandao ukikatika, mgonjwa arudi nyumbani bila dawa?

Jibu: Hapana. Sheria ya Victoria, kwa mfano, inamtaka mtaalamu achukue hatua zote za kuridhisha ili aione kumbukumbu, na hatua ya kuridhisha haiwezi kuwa kumwacha mtu wa kifafa au wa saratani bila dawa eti kwa sababu waya umekatika. Mfamasia humpigia simu daktari aliyeandika, hutoa kiasi kidogo cha kumvusha mgonjwa, huandika sababu, kisha huangalia mtandao unaporudi.

Swali: Mume wangu alianza kumeza vidonge vya maumivu vyenye kodeini kwa ajili ya kichwa. Sasa anameza karibu 24 kwa siku. Ananunua pakiti moja moja katika maduka tofauti, bila cheti, na kwa kuwa anakwenda kazini kila siku na anasema kwa adabu, hakuna anayemshuku. Nilipohesabu maganda matupu kwenye gari nililia. Je, mfumo huu mnaouandika ungemgundua? Na mimi nifanye nini?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu haliwezi kusubiri.

Soma upande wa nyuma wa ganda moja. Vidonge vya aina hiyo mara nyingi havina kodeini peke yake. Vina miligramu 8 za kodeini, kwa mfano, pamoja na miligramu 500 za parasetamoli. Kama ndivyo vilivyo, vidonge 24 vina miligramu 192 za kodeini, ambazo kwa hesabu inayotumiwa na madaktari, ya kuzidisha kodeini kwa 0.15, ni sawa na takriban miligramu 29 za mofini. Kiasi hicho si kidogo, lakini wagonjwa wengi huandikiwa zaidi yake. Sasa hesabu parasetamoli: ni gramu 12 kwa siku, wakati mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidi gramu 4. Mwili wa mume wako umezoea kodeini na unadai iongezwe, lakini ini lake halizoei parasetamoli. Kila anapoongeza kidonge ili apate kile anachokitafuta, anaongeza pia sumu asiyoitafuta. Kama badala ya parasetamoli kuna ibuprofeni, hatari iko kwenye tumbo na figo: vidonda vinavyotoa damu, figo kushindwa kazi, na potasiamu kushuka hadi misuli na moyo vikaathirika.

Kwa hiyo mpeleke hospitali leo, pamoja na ganda hilo, hata kama anasema hajisikii vibaya, kwa kuwa dalili za ini kuharibika huchelewa. Atapimwa damu, na kama parasetamoli imezidi kuna dawa ya kuikinga, asetilsisteini, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Mweleze daktari ukweli wote wa idadi. Usijaribu kummaliza arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, nyumbani kwa kumfungia vidonge kabatini. Jasho, kuharisha, kukosa usingizi na maumivu ya mifupa vitamrudisha dukani usiku ule ule. Daktari anaweza kumtenganisha na parasetamoli mara moja huku akimpa kodeini peke yake kwa kipimo kinachopunguzwa polepole, au kumhamishia kwenye buprenofini au methadoni, dawa zinazotumika kutibu uraibu wa jamii ya afyuni. Muulizeni pia kuhusu kichwa chenyewe. Mtu anayetumia dawa za jamii ya afyuni siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zile zile anazozimeza kuyatuliza, na huenda sehemu kubwa ya mateso yake imetoka huko.

Sasa swali lako la kwanza. Mifumo mingi isingemwona, kwa sababu huanza kuhesabu pale penye cheti. Mzizi wa hali hii uko katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya. Mkataba huo unataka dawa za jamii ya afyuni zitolewe kwa cheti, lakini ukazipa msamaha dawa za mchanganyiko zenye kodeini isiyozidi miligramu 100 katika kipimo kimoja, au asilimia 2.5 ikiwa ni dawa ya maji. Nchi nyingi ziliutumia msamaha huo kuruhusu vidonge na dawa za kikohozi viuzwe bila cheti, na hivyo mlango ambao mume wako ameupitia ukabaki wazi kihalali.

Kwamba dawa ya bila cheti inaweza kufuatiliwa papo kwa papo si jambo la kubuni. Imefanyika kwa pseudoefedrini, dawa ya mafua ambayo wahalifu huigeuza kuwa methamfetamini. Huko Queensland, Australia, wafamasia walianza mwaka 2005 mfumo wa Project STOP, ambao humwonyesha muuzaji kama mnunuzi amekwisha kununua dawa hiyo kwingine. Nchini Marekani sheria ya shirikisho iliweka ukomo wa gramu 3.6 kwa siku, na gramu 9 kwa siku 30 kwa anayenunua dukani, na majimbo mengi yakaunganisha maduka yao ili ukomo huo uonekane wakati ule ule wa mauzo. Mwaka 2016 chama cha wenye maduka ya dawa cha Australia kilijaribu utaratibu kama huo kwa kodeini, kikauita MedsASSIST. Mnunuzi alionyesha kitambulisho, ununuzi ukaandikwa, na mfamasia akaona kama kuna mtindo unaotia wasiwasi. Ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: duka lilijiunga kwa hiari, kwa hiyo aliyekataliwa katika duka lililojiunga aliweza kwenda katika lile lisilojiunga. Serikali ikachagua njia nyingine. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kodeini yote nchini humo ilihitaji cheti, na katika kipindi kilichofuata matukio ya sumu ya kodeini yaliyoripotiwa katika kituo cha taarifa za sumu cha New South Wales yalipungua kwa takriban nusu.

Mimi naona kwamba nchi yoyote inayojenga kanzidata ya dawa zenye uraibu na kuiacha kodeini ya bila cheti nje yake, imeulinda mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma. Ama dawa hizo ziingizwe katika ufuatiliaji, kwa maduka yote na kwa sheria, ama zihamishiwe kwenye cheti. Hata hivyo, hakuna kati ya njia hizo mbili ambayo ingemtibu mume wako. Ingemfanya aonekane mapema, na nani angemwona na kumwambia nini ni jambo nitakalolirudia mbele kidogo.

Swali: Nina ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Maumivu yakinishika huwa siwezi kusimama. Nimelazwa hospitali tofauti na kuandikiwa mofini na madaktari tofauti, si kwa kupenda kwangu. Naogopa kwamba kompyuta itanionyesha kama mwizi wa dawa. Tayari wapo wanaonitazama hivyo bila kompyuta.

Jibu: Hofu yako ni ya haki, na sitaki kuipunguza. Kanuni nyingi za mifumo hii huhesabu: madaktari wangapi, maduka mangapi, miligramu ngapi. Mgonjwa wa selimundu anayepokelewa na yeyote aliye zamu usiku huo, au mgonjwa wa saratani anayehamishwa kutoka kliniki moja hadi nyingine, hutoa hesabu zinazofanana na za mtu anayezunguka kwa madaktari akitafuta dawa. Kompyuta inaijua idadi, haiijui sababu. Yapo hata mambo ya ajabu zaidi: katika baadhi ya majimbo ya Marekani dawa ambazo daktari wa mifugo amemwandikia mnyama huripotiwa pia, na zinaweza kusomeka katika kumbukumbu za mwenye mnyama. Ndiyo maana alama nyekundu haipaswi kamwe kuitwa ugunduzi wa ugonjwa. Ni ishara kwamba kuna swali la kuulizwa.

Wagonjwa wameumia pale ambapo namba iligeuzwa kuwa amri. Mwaka 2016 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo uliowashauri madaktari waepuke kufikia miligramu 90 kwa siku kwa kipimo cha mofini (yaani dawa yoyote ya jamii hiyo ikigeuzwa kuwa kiasi cha mofini chenye nguvu sawa), au wawe na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Ulikuwa ushauri, na haukukusudiwa kwa wagonjwa wa saratani wala waliokaribia mwisho wa maisha, lakini katika sehemu nyingi ulisomwa kama sheria, na watu waliokuwa wakitumia dawa kwa miaka wakakatiwa ghafla. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ililazimika kuonya kwamba kukatizwa ghafla kumesababisha mateso makali ya arosto, maumivu yasiyovumilika na hata watu kujiua. Mwongozo mpya wa mwaka 2022 uliondoa ukomo huo wa namba katika mapendekezo yake. Kwa dawa za jamii ya diazepamu hatari ya kukatizwa ghafla ni kubwa vilevile, kwa kuwa mtu aliyezizoea anaweza kupata degedege.

Ningependa pia wenye kuamua wakumbuke upande wa pili wa mizani. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, kwa kipimo cha mofini, zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Mahali ambapo mtu anakufa kwa saratani akilia kwa kukosa mofini, mfumo wa ufuatiliaji unaomtisha daktari asiandike kabisa utakuwa umeongeza mateso. Victoria iliwapunguzia wataalamu wajibu wa kuangalia kwa wagonjwa waliolazwa na wanaopata tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza wenye ugonjwa usiopona, na naona hilo ni jambo la kuigwa.

Wewe binafsi, omba daktari mmoja anayekufahamu akuandikie mpango wa tiba: ugonjwa wako, dawa na kipimo unachohitaji maumivu yakikushika, na namba ya kumpigia. Tembea nao. Omba pia kuona kumbukumbu zako mwenyewe ndani ya mfumo, kwa sababu majina hufanana, tarehe hukosewa, na dawa ya mtu mwingine inaweza kuangukia kwako. Una haki ya kutaka kosa lirekebishwe.

Swali: Nani mwingine anaona taarifa zangu? Polisi? Mwajiri?

Jibu: Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, kuhusu zile kanda za New York nilizozitaja. Wagonjwa na madaktari walishtaki wakisema kwamba watu watakataa dawa wanazozihitaji kwa kuogopa kuandikwa kuwa waraibu. Mwaka 1977, katika shauri la Whalen dhidi ya Roe, majaji wote waliuruhusu mfumo uendelee, na sehemu ya sababu yao ilikuwa namna taarifa zilivyolindwa: chumba kilizungushiwa uzio wa waya uliofungwa na kuwekewa king'ora, kanda zilikaa ndani ya kabati lenye kufuli, na kompyuta ilipozisoma haikuwa imeunganishwa na mashine nyingine yoyote.

Ulinzi wa namna hiyo hauwezekani tena, kwa sababu mfumo wa papo kwa papo lazima uunganishwe na kila kaunta. Mwaka 2009 mdukuzi aliingia katika tovuti ya ufuatiliaji wa dawa ya jimbo la Virginia, akadai kuwa ameshika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 8, na akataka dola milioni 10 ili azirudishe. Wenye kumbukumbu hizo hawakuwa orodha ya wahalifu au waraibu. Walikuwa watu waliowahi kuumwa na kuandikiwa dawa.

Kwa hiyo kabla hujaukubali mfumo wowote, uliza mambo haya. Je, kila anayefungua jina lako anaacha alama ya nani, lini na kwa sababu gani, na je, kuna mtu anayezipitia alama hizo? Je, kila mfamasia ana nywila yake, au duka zima linatumia moja iliyobandikwa pembeni ya skrini? Je, polisi wanahitaji amri ya mahakama? Je, taarifa hufutwa baada ya muda? Mwajiri na kampuni ya bima hawapaswi kuwa na mlango kabisa, na sheria iseme hivyo kwa maneno yaliyo wazi, pamoja na adhabu kwa atakayewafungulia.

Swali: Tuambieni kwa ufupi: mifumo hii imepunguza vifo au haijapunguza?

Jibu: Ushahidi umegawanyika. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba pale ambapo daktari analazimika kuangalia kumbukumbu kabla ya kuandika, idadi ya wagonjwa wanaopata dawa kutoka kwa madaktari wengi hupungua. Kuhusu vifo, majibu hayafanani. Nchini Marekani vyeti vya dawa za jamii ya afyuni vilishuka kutoka 81.3 kwa kila watu 100 mwaka 2012 hadi 43.3 mwaka 2020, na kufikia mwaka 2021 hata Missouri, jimbo la mwisho lisilo na mfumo, lilikuwa limepitisha sheria yake. Mwaka huo huo zaidi ya watu 106,000 walikufa kwa kuzidisha dawa na madawa ya kulevya, wengi wao kwa fentanili, dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu kuliko mofini, iliyotengenezwa kiholela. Si haki kusema kwamba mifumo ndiyo iliyosababisha vifo hivyo, kwa kuwa soko la fentanili lilikuwa na nguvu zake lenyewe. Ni haki kusema kwamba mtu aliyekataliwa dukani bila kupewa tiba hakuacha kuhitaji dawa, na muuzaji wa mtaani hakumwomba cheti.

Swali: Mimi ni mfamasia mwenzako. Skrini ikionyesha nyekundu, mgonjwa yuko mbele yangu na foleni iko nyuma yake. Kusema kweli, njia rahisi ni kumwambia kwamba dawa imekwisha. Ulitaka niseme nini?

Jibu: Ndugu yangu, nakuomba usimwambie kwamba dawa imekwisha. Atajua kuwa si kweli, ataondoka na aibu, na dakika ile ambayo mfumo mzima ulijengwa kwa ajili yake itakuwa imepotea. Umri wake, tabia yake na uchovu wake vyote viko mbele yako, na huenda wewe ndiye mtaalamu wa kwanza kuyaona yote pamoja.

Mtoe kaunta. Mpeleke kwenye kona au chumba cha ushauri, mwache mwenzako ashike foleni, na umsemeshe kwa heshima ile ile ambayo ungempa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda. Unaweza kusema hivi: "Mama, naona umepata dawa hii pia wiki iliyopita kwa daktari mwingine, na unapewa na dawa ya usingizi. Mbili hizi zikikutana zinaweza kukuzuia kupumua ukiwa umelala. Nina wasiwasi na usalama wako. Unazitumiaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Wapo watakaokuambia kwamba hawakujua, kwa sababu daktari wa meno hakuwauliza wanatumia nini. Wapo watakaokuambia maumivu yamezidi. Na yupo atakayeangalia chini na kusema kwamba ameshindwa kuacha. Huyo wa mwisho usimwache aondoke na karatasi yenye namba ya simu tu. Mpigie daktari au kliniki ya uraibu akiwa ameketi hapo hapo, kwa ridhaa yake, mpange siku na saa.

Huna ulazima wa kuchagua kati ya kutoa yote na kukataa yote. Daktari akikubali, toa dawa ya siku tatu badala ya mwezi, au mpangie aje kuchukua kila siku. Mpe naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, pale inaporuhusiwa, na umfundishe mtu wa nyumbani kwake namna ya kuitumia, kwa maana aliyezimia hawezi kujipa. Zipo nyakati za kukataa moja kwa moja: cheti kikiwa cha kughushi, au mtu akiwa mbele yako analegea, macho yanafumba na maneno hayatoki sawasawa. Huyo usimpe dawa, na usimwache aende peke yake.

Ukimaliza, andika katika kumbukumbu ulichoamua na kwa nini, kwa maneno ambayo mgonjwa mwenyewe akiyasoma hayatamdhalilisha, ili mfamasia wa zamu ya usiku au wa duka jingine aendelee pale ulipofikia badala ya kumhoji upya tangu mwanzo.